Simu Mkononi, Hofu Moyoni: Kuishinda Hofu ya Kupiga Simu kwa Anayeuza Akiwa Nyumbani

Biashara nyingi za mijini siku hizi hazina kibao wala kaunta. Sabuni ya maji inatengenezwa uani, vitenge na mashuka vinapangwa juu ya kochi, viungo vya pilau vinafungwa mezani baada ya watoto kulala. Mwenye biashara ya namna hii hana kodi ya fremu ya kulipa. Duka lake ni simu. Humo mna majina ya wateja, mna oda, mna malipo na mna madeni. Kwake yeye, kushindwa kupiga simu ni sawa na kushindwa kufungua mlango wa duka.

Hata hivyo, wako watu wengi, wake kwa waume, ambao hukaa nusu saa nzima wakiitazama namba moja. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatota jasho, na mwishowe simu inawekwa kifudifudi mezani. “Nitampigia jioni.” Jioni inafika na kupita. Mteja aliyetaka ndoo tano za sabuni ananunua kwingine. Aliyechukua mashuka kwa mali kauli tangu mwezi uliopita hakumbushwi. Na siku ya kikoba ikiwadia, fedha ya marejesho haipo.

Makala haya yanaeleza hofu hiyo ni nini, kwa nini hukua badala ya kupungua, na ni hatua gani, nyumbani na hospitalini, zinazoweza kuipunguza. Neno lake kuu ni moja: anayesubiri hofu iishe ndipo apige simu atasubiri sana, kwa kuwa hofu ya namna hii hupungua kwa kupiga, kidogo kidogo na kwa mpango.

Haya, soni na hofu

Kiswahili kina maneno mengi yanayokaribiana katika jambo hili, na ni vyema kuyatenganisha. Haya ni sifa njema. Mwenye haya anajua mipaka: hamkatizi mkubwa, hampigii mtu usiku wa manane, hadai deni la mtu mbele ya wageni wake. Soni ni ule uzito wa uso unaomjia mtu kwa muda mfupi na kupita. Hofu tunayoizungumzia hapa ni kitu kingine. Ni kule kuamini kwamba aliye upande wa pili wa simu atakuhukumu vibaya, na kwamba hukumu hiyo hutaweza kuibeba. Haya humwelekeza mtu namna ya kupiga simu; hofu humkataza asipige kabisa.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa wauzaji wetu, kwa sababu hofu hupenda kuvaa nguo za adabu. Muuzaji husema, “Sitaki kumsumbua mtu wa watu,” na maneno hayo yanaonekana mema. Njia rahisi ya kuyapima ni kujiuliza swali hili: je, ningeona ni utovu wa adabu kama dada yangu angempigia mteja wake saa nne asubuhi kumuuliza kama mzigo umemfikia salama? Ikiwa jibu ni hapana, basi kinachokuzuia si adabu.

Kwa nini simu?

Baadhi ya watu wenye hofu hii ni wachangamfu. Sokoni huzungumza, shereheni hucheza, msibani huongoza wenzao jikoni. Kwa nini basi simu iwashinde?

Kwanza, ana kwa ana tunauona uso. Mteja akikunja kipaji cha uso kwa sababu ya jua, tunaliona jua. Katika simu tunabaki na sauti tu, na ukimya wa sekunde mbili, ambao pengine ni wa mtandao, hujazwa na tafsiri mbaya: “Amekasirika. Ananiona msumbufu.” Pili, mpigaji hajui mwenzake amemkuta wapi: huenda yumo ndani ya daladala, yuko kazini mbele ya mkubwa wake, au yuko msibani. Tatu, zile jumbe za matapeli zinazotaka “ile pesa itume kwenye namba hii” zimewafanya watu waitilie shaka namba wasiyoifahamu, na muuzaji anajua kwamba huenda akapokelewa kwa shaka hiyo. Nne, anayeuza nyumbani ana wasikilizaji wasioalikwa. Mume, wifi na watoto wako sebuleni, na akikataliwa, amekataliwa mbele yao.

Juu ya hayo kuna jambo linalotokea ndani ya fikra. Mwaka 1995 wanasaikolojia David M. Clark na Adrian Wells walieleza kwamba mwenye hofu ya kuhukumiwa na watu huyaondoa mawazo yake kwa mwenzake na kuyaelekeza kwake mwenyewe. Mteja anauliza bei. Muuzaji anaisikiliza sauti yake mwenyewe kama inatetemeka. Kwa sababu hiyo swali linampita, anajibu nusu, anababaika, kisha anakuchukua kule kubabaika kuwa ushahidi kwamba hajui kuzungumza. Simu ikikatwa, huyarudia mazungumzo kichwani tena na tena kama ng’ombe anayecheua, na kila mara hukumbuka pale alipokosea tu.

Kinachotokea mwilini

Mapema katika karne ya 20, mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon alieleza namna mwili unavyojiandaa kupambana au kukimbia pindi unapohisi hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga kwa kasi, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, mate hukauka, tumbo huvurugika na mikono hutetemeka. Mpango huu ni mwema kwa mtu aliyekutana na nyoka njiani. Kasoro ni kwamba ubongo hautenganishi vizuri hatari ya kuumwa na nyoka na hatari ya kuambiwa “sihitaji”.

Msomaji mwenye hofu hii afahamu mambo mawili. La kwanza, dalili hizo zinatisha lakini si dalili za kufa wala za kurukwa na akili. La pili, hofu huja kama wimbi: hupanda, hufika kileleni, kisha huanza kushuka yenyewe, hata kama mtu hakukimbia. Anayeikata simu wimbi likiwa kileleni hapati kamwe nafasi ya kuliona likishuka.

Tahadhari moja lazima itolewe hapa. Maumivu ya kifua yanayokuja mtu anapopanda ngazi au kubeba mzigo, kuzimia, kupungua uzito bila sababu, au mapigo ya moyo yanayokwenda mbio hata mtu akiwa ametulia, yasihesabiwe kuwa hofu kabla ya kupimwa. Upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo na hitilafu za mapigo ya moyo huweza kufanana sana na wasiwasi.

Mtego wa kukwepa

Tuchukue mfano wa mama mmoja auzaye mashuka. Mama huyu si mtu mmoja; ni picha iliyokusanywa kutokana na watu wengi wa hali yake. Anatakiwa awapigie wateja watano. Anaichukua simu, hofu inapanda, anaiweka chini. Mara tu baada ya kuiweka anahisi nafuu kubwa, kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Nafuu hiyo ndiyo mtego wenyewe. Ubongo wake umejifunza kwamba simu ilikuwa hatari na kwamba kuiweka chini ndiko kulikomwokoa. Kesho hofu itaanza mapema zaidi, pengine wakati wa chai tu, atakapokumbuka kwamba kuna simu za kupiga.

Kukwepa si lazima kuwe kwa wazi. Mara nyingi hujificha katika vitendo vidogo vinavyoonekana kama mbinu za biashara. Muuzaji hutuma ujumbe wa maandishi hata pale ambapo simu ya dakika moja ingemaliza jambo. Humwagiza bintiye apige kwa niaba yake. Hubipu na kungoja mteja apige mwenyewe. Huandika kila neno kwenye karatasi na kulisoma kama risala. Huzungumza haraka haraka ili amalize kabla hajakataliwa. Hupanga na kupangua mzigo ambao ulikwisha kupangwa, ili saa ya kupiga simu ipite.

Hapana ubaya katika ujumbe wa maandishi wenyewe. Wateja wengi huupendelea. Swali ni nani aliyeuchagua. Kama mteja alisema, “Niandikie tu, niko kazini,” hiyo ni huduma njema. Kama hofu ndiyo iliyochagua, basi kila ujumbe ni tofali moja zaidi katika ukuta unaojengwa kumzunguka muuzaji.

Lini hofu inakuwa ugonjwa?

Kuhisi wasiwasi kabla ya kumpigia mtu usiyemfahamu ni jambo la kawaida, na wauzaji wazoefu wengi huhisi hivyo pia. Lakini ipo hali inayovuka mpaka huo, nayo huitwa ugonjwa wa hofu ya kijamii. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliuingiza katika mwongozo wake wa magonjwa mwaka 1980, na leo umo pia katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika mwaka 2022. Aghalabu huanza katika umri wa ujana. Mtaalamu hutazama mambo matatu: kwamba hofu ni kubwa na hujirudia karibu kila mara mtu anapokuwa katika hali ya kuweza kuhukumiwa na wengine, kwamba imedumu kwa miezi mingi, kwa kawaida 6 au zaidi, na kwamba inamkwamisha mtu katika kazi, masomo au mahusiano, au inamtesa sana.

Mwaka 1987 daktari Michael Liebowitz wa Marekani alichapisha kipimo cha hofu hii ambacho bado kinatumika. Kina hali 24, na kila moja hupimwa mara mbili: mtu anaogopa kiasi gani, na anakwepa kiasi gani. Hali ya kwanza kabisa katika orodha ni kutumia simu mbele za watu. Ya 10 ni kumpigia simu mtu usiyemfahamu vizuri. Ya mwisho, ya 24, ni kumkatalia muuzaji anayekung’ang’ania. Kwa hiyo orodha hiyo hiyo inamhusu muuzaji anayeogopa kupiga, na pia mteja anayeogopa kusema “hapana”. Jambo hili tutalirudia.

Kupanda ngazi, kidato kwa kidato

Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones wa Marekani aliandika habari za mtoto mdogo aliyeogopa sungura. Hakumlazimisha amshike. Alimkaribisha sungura taratibu, siku baada ya siku, mtoto akiwa anakula chakula anachokipenda, mpaka mtoto akaweza kumgusa mnyama yule. Tiba ya leo ya hofu imesimama kwa sehemu kubwa juu ya kanuni hiyo: kikaribie unachokiogopa, kwa hatua unazozimudu, na urudie mpaka mwili uzoee na fikra zijifunze jambo jipya.

Muuzaji wa nyumbani anaweza kujitengenezea ngazi yake. Achukue daftari, aandike aina za simu zinazomtisha, na kila moja aipe alama kati ya 0 na 10 kulingana na ukubwa wa hofu. Kisha azipange kuanzia ndogo hadi kubwa. Ngazi hiyo huenda ikawa hivi:

1. Kuipigia huduma kwa wateja ya mtandao wa simu na kuuliza swali moja kuhusu kifurushi.
2. Kumpigia ndugu wa karibu kumjulia hali tu, bila haja nyingine.
3. Kumpigia mteja wa siku nyingi kumwambia kwamba mzigo mpya umefika.
4. Kumpigia mteja aliyekwisha kuagiza, ili kuthibitisha saa ya kumpelekea.
5. Kumpigia aliyenunua mara moja tu, kumuuliza bidhaa ameionaje.
6. Kumpigia mtu aliyeelekezwa na mteja wako, ambaye ameridhia kupigiwa.
7. Kumkumbusha mdaiwa tarehe mliyokubaliana.
8. Kumpigia mteja huku watu wa nyumbani wakisikia, au kumpigia aliyewahi kukukatalia.

Kila kidato kipigwe simu kadhaa, ikiwezekana kila siku, mpaka alama ya hofu ishuke walau kwa nusu. Ndipo mtu apande kinachofuata. Asiruke vidato, wala asikae mwezi mzima kwenye kidato kimoja kwa sababu kimekuwa kitamu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti haba hiyo itiwe kila siku.

Kuna kanuni nne za kuzingatia. Kwanza, kabla ya kila simu andika unachotabiri: “Atanifokea,” au “Nitakosa la kusema.” Baada ya simu, andika kilichotokea. Baada ya wiki mbili soma safu zote mbili kwa pamoja. Daftari hili hufundisha kuliko maneno ya daktari. Pili, acha vificho kimoja kimoja. Badala ya risala nzima, andika mambo matatu tu kwenye kikaratasi. Tatu, elekeza masikio kwa mteja. Jiwekee kazi ya kutambua jambo moja kuhusu yeye: ana haraka, amechoka, kuna mtoto analia karibu naye? Anayemsikiliza mwenzake hana muda wa kuisikiliza sauti yake mwenyewe. Nne, pima mafanikio kwa simu ulizopiga, si kwa bidhaa ulizouza. Kupiga kumo mikononi mwako. Kununua ni hiari ya mteja.

Kabla ya kubonyeza namba, inafaa kushusha pumzi polepole mara mbili tatu, ukiitoa nje kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta ndani. Lakini usingoje mpaka utulie kabisa. Lengo ni kupiga ukiwa na hofu kidogo, ili mwili ujionee kwamba inawezekana.

Maneno ya kuanzia

Wengi hukwama katika sentensi ya kwanza. Mila zetu zinatusaidia hapa, kwa sababu salamu hutupa mahali pa kuanzia. Kwa mtu mzima, inatosha kusema: “Shikamoo mama. Mimi ni yule binti wa sabuni wa mtaa wa nyuma. Samahani, nimekukuta una nafasi ya dakika moja?” Swali hilo la mwisho ni heshima, na pia ni kinga. Akisema yuko kazini, hajakukataa. Amekueleza tu alipo. Jibu ni, “Haya mama, nikupigie saa ngapi?”

Kwa deni, ambalo kwa wengi ndiyo simu nzito kuliko zote, uwazi ni bora kuliko kuzunguka: “Dada, habari za siku? Nakupigia kuhusu yale mashuka mawili. Tulikubaliana mwisho wa mwezi. Utaweza kulipa yote, au tuyagawe mara mbili?” Maneno haya hayamwaibishi mdaiwa wala hayamlazimishi kubuni visingizio. Yanampa njia mbili za kutoka, na zote ni za heshima.

Na akisema hataki? “Sawa mama, nashukuru. Nakutakia siku njema.” Simu imekamilika, na kwa hesabu ya daftari letu imefaulu. Aliyekataa shuka leo amekataa shuka, hajamkataa mtu. Biashara haigombi, na aliyejibiwa kwa upole baada ya kukataa ni rahisi kupigiwa tena baada ya miezi mitatu.

Pale hofu inaposema kweli

Si kila uzito wa kupiga simu unatokana na ugonjwa au mazoea mabaya. Wakati mwingine moyo unakataa kwa sababu jambo lenyewe halifai, na hapo tiba ya kuzoea haina nafasi.

Baadhi ya biashara za kuuza kwa njia ya mtu na mtu humtaka muuzaji awapigie ndugu, jamaa na marafiki wote, awasajili chini yake, na faida yake itokane zaidi na viingilio vyao kuliko na bidhaa yenyewe. Nyingine humtaka aseme kwamba unga, chai au kidonge fulani kinaponya kisukari, shinikizo la juu la damu au saratani. Muuzaji anayesita kumpigia mgonjwa wa kisukari na kumwambia aache dawa zake haumwi. Dhamiri yake inafanya kazi. Abadilishe biashara, wala asiibadilishe dhamiri. Kwa upande wa afya madhara yake ni makubwa: mgonjwa anayeacha insulini au dawa za presha kwa sababu ya simu ya jirani anaweza kufikishwa hospitalini akiwa hajitambui.

Tukumbuke pia ile hali ya 24 katika kipimo cha Liebowitz. Upande wa pili wa simu anaweza kuwapo mtu mwenye hofu hiyo hiyo, ambaye hawezi kusema “hapana” na atanunua kwa fedha ya ada ya mtoto. Muuzaji anayeijua hofu hii kwa uzoefu wake ana nafasi nzuri ya kuwa muuzaji muungwana: aulize mara moja, akikataliwa ashukuru. Na namba za watu zisichukuliwe ovyo kutoka kwenye makundi ya harusi na misiba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, aliyeridhia kupigiwa hupokea kwa moyo mweupe. Kwa hiyo ridhaa ya mteja humpunguzia muuzaji hofu pia.

Msaada wa hospitalini

Iwapo hofu imeenea nje ya simu, ikagusa mikutano ya shule, ibada na safari za kliniki, au iwapo miezi miwili mitatu ya ngazi haijaleta mabadiliko, ni wakati wa kumwona mtaalamu wa afya ya akili. Tiba inayopewa kipaumbele ni tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na tabia kwa pamoja. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2013 unaitaja kuwa chaguo la kwanza kwa watu wazima. Ndani yake mna ngazi kama tuliyoieleza, ila mgonjwa hupanda akiwa na mtu anayemshika mkono.

Ziko pia dawa za kundi la SSRI, miongoni mwake setralini. Hazileti nafuu siku hiyo hiyo. Huchukua wiki kadhaa, na hazifai kuanzwa wala kuachwa bila ushauri wa daktari. Diazepamu na jamii yake hutuliza haraka, lakini huzoesha mwili na kumfanya mtu aone kwamba bila kidonge hawezi. Si dawa ya kununua dukani kwa ajili ya simu. Propranololi hupunguza mtetemo wa mikono, lakini ni ya hatari kwa mwenye pumu. Pombe, ambayo wengine huionja “ili ulimi ulegee”, huongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Aidha, hofu iliyodumu muda mrefu mara nyingi huandamana na sonona. Mtu aliyepoteza hamu ya mambo yote, asiyelala, au anayewaza kwamba ni heri asingekuwapo, asingojee ngazi wala daftari. Afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa hatakuja kusema, “Daktari, naogopa simu.” Atakuja na vidonda vya tumbo, mapigo ya moyo, kukosa usingizi, au kichwa kisichopona. Baada ya kumpima na kuondoa sababu za kimwili, maswali mawili yanatosha kuufungua mlango: “Kuna mambo unayoyakwepa kwa kuogopa watu watakuonaje?” na “Kukwepa huko kumekugharimu nini?” Swali la pili ndilo linaloleta habari za wateja waliopotea, deni lisilodaiwa na kikoba.

Kazi hii si ya daktari bingwa peke yake. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, ulioandaliwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa, uliongezewa mwaka 2023 sehemu inayohusu magonjwa ya wasiwasi. Nchini Zimbabwe, mpango wa Benchi la Urafiki ulioasisiwa na daktari Dixon Chibanda, ambao utafiti wake ulichapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wahudumu wa jamii waliofunzwa wanaweza kupunguza dalili za sonona na wasiwasi kwa mazungumzo yenye mpango, wakiwa wameketi na mgonjwa juu ya benchi la mbao nje ya kliniki. Muuguzi wa zahanati anaweza kukaa na muuzaji wa sabuni dakika 20, wakachora ngazi yenye vidato vitano, na kumpa tarehe ya kurudi na daftari lake.

Mwisho, tuitazame milango yetu wenyewe. Kliniki nyingi humwambia mgonjwa, “Ukipata shida, tupigie.” Kwa mwenye hofu hii, huo ni mlango uliofungwa. Tumwambie pia kwamba anaweza kutuma ujumbe, kuja mwenyewe, au kumtuma ndugu, na tumweleze ni nani atakayepokea simu na atamuuliza nini. Nasi tunapompigia, tuanze kwa kusema kwamba si habari mbaya, kama kweli si mbaya. Kisha tuseme jina letu, kituo chetu na sababu ya kupiga.

Familia nayo ina sehemu yake. Kumcheka mama anayetetemeka na simu mkononi hakumpi ujasiri, na kumpigia simu zote kwa niaba yake hakumponyi. Kinachomsaidia ni kumpunguzia sauti ya televisheni, kumwachia chumba dakika kumi, na baadaye kumuuliza, “Umepiga ngapi leo?” badala ya “Umeuza ngapi?” Akijibu “moja”, aambiwe hongera, na kesho apige ya pili.